Matanga ya Mguu wa Kushoto

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu, na naomba asicheke mtu. Mchezaji mpira anastaafu umri huo huo na mnamkatia keki. Mimi nimeua watu wengi kwenye hadithi, nimewazika, nimefufua wawili watatu baada ya wasikilizaji kunitukana, na koo limechoka. Halafu nina mapacha. Kazi yangu ilikuwa kutunga hadithi za kuchekesha kuhusu mambo ya kulilia, nazisoma mwenyewe kwenye simu, zinakwenda kwa Waswahili wa Louisville, Columbus, Buffalo na kokote waliko shemeji zao. Kazi hiyo inataka ukimya kidogo kabla ya kichekesho. Mapacha hawautambui ukimya huo.

Sasa nyie vijana wa kwenye kundi mmeniomba niwaeleze mbinu. Mmoja wenu kaniandikia kwamba anataka kutunga kama Wamarekani wa siku hizi, zile riwaya ambazo mtu anakufa ukurasa wa kwanza, wewe unacheka mpaka ukurasa wa mwisho, kisha unajichukia. Vizuri. Kaeni. Ila mkinikatisha nawaka, mnanijua.

Mimi sikusomea chuo chochote. Nilikuwa nimepanga chumba Linden, kule Columbus, hita yake inakohoa kuliko mwenye nyumba, na maktaba ndiyo ilikuwa mahali pa joto. Nikaingia kwa ajili ya joto. Kukaa bure bila kitabu mkononi naona aibu, nikachukua kimoja, chembamba, nikidhani chembamba ndiyo rahisi. Kiingereza changu kilikuwa cha ghala tu, boksi na lebo na usisimame hapo. Ukurasa mmoja ulinimaliza. Humo ndani kampuni ya mazishi imepoteza maiti, na barua anayoandikiwa mjane inaanza na "Mteja wetu mpendwa", inamaliza kwa kumwomba aipe huduma yao nyota. Nikasema hapana, hapa Kiingereza kimenishinda. Nikarudia. Wapi, ni vile vile. Nikacheka mpaka dada wa maktaba akaniangalia. Halafu nikakumbuka siku tunamzika baba Tabora, gari lililobeba jeneza likazimika njiani, na dereva akatugeukia akauliza kwa adabu zote, "Marehemu alikuwa na haraka?"

Hawa Wamarekani, nikajiambia, wamejua kitu ambacho sisi tunakijua toka zamani. Tofauti ni kwamba wao wanakiandika, sisi tunamwachia mtani.

Maana kwetu Unyamwezi ukifiwa, watani wako Wazaramo wanakuja. Watu wanalia, mtani anajilaza kaburini kupima kama linamtosha marehemu. Anamwiga alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikopa chumvi. Hapigwi mtu. Mfiwa anacheka huku kamasi zinamtoka, na saa ile ile kifo kinapungua kimo. Hicho ndicho wanachokitafuta wale waandishi. Wewe unayetaka kuwaiga, anzia huko kwanza.

Mimi sikuanzia huko, nikaumbuka. Mkutano wangu wa kwanza wa kusoma hadithi, ukumbi wa kuazima pale Columbus, nilichukua jina ambalo Wamarekani wanaziita hadithi hizi, black humor, nikaligeuza neno kwa neno nikabandika mlangoni: Jumamosi ya Ucheshi Mweusi. Walikuja watu, siwezi kusema hawakuja. Kaka mmoja kutoka Mwanza alikuja na shati limeshaingizwa ndani ya suruali kwa ajili ya ugomvi, anataka kujua kwa nini watu weusi tuchekwe kwenye ukumbi tulioazima wenyewe. Mama mmoja wa Kikongo alikuja na chupa ya mafuta ya maombi akapaka fremu yote ya mlango, kwa sababu neno mweusi yeye lilimpeleka kwenye mambo ya giza. Hadithi haikusomwa. Nilibishana na wote wawili kwa pamoja, mmoja kila upande, mpaka tukanyang'anywa ukumbi. Wiki iliyofuata nikabandika Utani wa Matanga. Hakuna aliyeuliza hata swali moja. Walikaa, wakalia, wakacheka, wakabeba viti. Kwa hiyo jina la kitu litafute nyumbani, usilibebe mgongoni kutoka kwa mwenzio.

Lakini aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa kitabu. Ni Papa Bahati.

Papa Bahati ni Mkongo wa Uvira, mtu mzima, mlokole wa Jumapili, tulikuwa wote kwenye ghala moja Louisville kabla sijahamia Columbus. Tunafunga maboksi upande kwa upande, miguu inawaka moto, na yeye ana sura kavu kama biskuti. Siku moja wakati wa chakula mtu akamuuliza alivyoikimbia vita. Akaendelea kutafuna kwanza. Halafu akasema:

"Mi nilikuwa nimetoka kununua mulango. Muzuri, ya mbao. Vita ikakuya. Bantu bote banabeba batoto, miye nikabeba mulango. Furaha wangu alikuwa mudogo, akalia, papa, unibebe. Nikamuambia, weye uko na miguu, mulango haina."

Meza nzima ilivunjika mbavu. Mtu alitemea soda. Papa Bahati hakucheka, alisubiri tunyamaze, kwa sababu alikuwa hajamaliza habari za mlango.

"Donc, basi, mvua ikinyesha, tunalala chini yake. Kisha mama Furaha akafia mu njia. Tukamubeba juu yake mpaka penye tulimuzika." Akafunika kopo lake la chakula. "Ile mulango ilisaidia sana."

Mnaona alichofanya? Mimi ilinichukua miaka kukiona. Hadithi ni ya mlango. Vita imepita tu njiani. Angeanza na vita, na idadi ya waliokufa, na ubaya wa wanasiasa, tungesema pole papa tukaendelea na wali wetu. Yeye alishika mlango hakuuachia. Kitu kidogo chenye bawaba, na huzuni yote ikaingilia hapo. Na sura kavu. Ukicheka wewe kabla ya msikilizaji, umekula chakula cha mgeni. Mimi nilikuwa nasoma huku najichekea, nasikia aibu hadi leo nikisikiliza zile za mwanzo.

Kitu kingine ni ruhusa, na hapa nawashika mashati. Nyie mnadhani ukisema jambo chafu kuhusu kifo tayari ni msanii. Nani kakupa ruhusa? Mtani ana ruhusa ya ukoo. Wale waandishi wa Kimarekani hawana watani, maskini, kwa hiyo nilivyowasoma naona wazuri wao wanaitafuta ruhusa namna hii: wanajilaza kaburini wenyewe kwanza. Anayesimulia anajifanya mjinga, mwoga, mchoyo, anajichekea kabla hajamgusa mfiwa. Wabaya wao wanarukia kumcheka anayelia, na unaona kabisa kitabu kinanuka. Papa Bahati nilishamweleza habari za utani wa kwetu, tukiwa bado kule ghalani. Akafikiri, akasema bon, yeye hana Mzaramo Kentucky nzima, na mimi sina, kwa hiyo kuanzia leo miye na weye tuko batani. Kuanzia siku hiyo akawa ananisalimia kwa kuniuliza nitakufa lini ili aombe ruhusa kazini mapema.

Basi akahamia Buffalo kwa binti yake. Furaha, yule yule aliyeshindwa na mlango, amekua, ana nyumba ya kupanga North Buffalo na kazi kwenye kiwanda huko Tonawanda. Mimi nikahamia Columbus na hadithi zangu. Tukawa tunatumiana sauti. Sukari ilimshika mzee, tukaitania sukari. Kidonda kikatokea kwenye mguu wa kushoto, tukakitania kidonda. Halafu asubuhi moja nikapata sauti yake, niko naosha vyombo:

"Mutani yangu, banganga ba huku banataka kunikata mguu. Banasema haraka. Weye unasema nini?"

Nyie. Mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu ukisikia mganga anataka mguu wa mtu, unajua unasikia nini, na unajua ni ndugu zetu wangapi wenye ualbino tumezika. Hapo hapo moyo ulipanda kichwani. Sikuuliza waganga gani, wako mtaa gani, Buffalo wamefikaje. Nikabonyeza, nikasema kwa sauti mliyoizoea: usiwape hata ukucha. Waganga wauaji, mimi nawajua, kwetu wamemaliza watu. Ondoka hapo ulipo, usisaini kitu, usinywe kitu, na mwenye kukugusa mwambie Mwamvua anakuja na panga.

Nikatuma. Nikarudia vyombo vyangu, nimeridhika, kama mtu aliyemtetea ndugu yake.

Simu ya Furaha iliingia mchana. Haikuwa na salamu. Alisema taratibu, kama anamsemesha mtoto aliyekaa juu ya paa: "Dada Mwamvua, kwetu munganga ni docteur. Wa hopitali. Mwenye koti nyeupe."

Nikakaa chini, sakafuni kwenye maji.

Kwao Kivu, munganga ndiye daktari. Miaka yote ile ghalani tulizungumza vita, milango, Mungu, sijawahi kuumwa mbele yake wala yeye mbele yangu. Na Papa Bahati, ambaye alikuwa anaogopa, ambaye alikuwa anatafuta mtu mmoja tu duniani wa kumwambia usikubali, alikuwa amempata. Aliicheza ile sauti yangu mbele ya familia nzima. Akaicheza tena mbele ya daktari, na mkalimani wa kwenye simu, kijana wa Kikenya mwaminifu kwa kazi yake, akaitafsiri yote, pamoja na panga.

Furaha akaniambia yaliyobaki. Mguu umeoza na uozo unapanda. Ukikatwa sasa hivi chini ya goti, mzee anaishi. Ukingojewa, unaingia kwenye damu, na basi. Na mzee kila akiulizwa anasema Mwamvua amekataa.

Niliendesha gari siku hiyo hiyo, Cleveland, Erie, mvua, najitukana kwa Kinyamwezi kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Mlangoni mwa hospitali mlinzi, nadhani habari za panga zilishamfikia, aliupekua mkoba wangu kwa umakini ambao sikuustahili na niliustahili.

Chumbani Furaha yuko kwenye kiti, ametoka zamu bila kubadili viatu vya kiwanda. Shemasi wa kanisa lao amesimama na Biblia. Papa Bahati kitandani, amekonda, na ule mguu umefunikwa lakini unanuka, tusidanganyane. Nikamweleza kosa langu lote, mganga wetu na munganga wao. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Donc unarudisha neno," akasema.

Nikasema narudisha. Akasema mtu mkubwa harudishi neno. Nikawaka. Nikamwambia mtu mkubwa hafi kwa ajili ya makosa ya lugha. Shemasi akaniomba nishushe sauti. Furaha akaanza kulia bila sauti, na mzee akageukia dirishani. Halafu akasema kule kule dirishani, na hii ndiyo ilikuwa shida yenyewe, ile sauti yangu ilikuwa kisingizio tu:

"Mwamvua, nyumba ilibaki Uvira. Bibi yangu akabaki mu njia. Sasa mguu nayo ibaki Buffalo? Mutu iko nabakisha mpaka lini?"

Shemasi alijaribu kumjibu, akasema habari za mwili mpya mbinguni, na mzee akamsikiliza kwa heshima kama mtu anayesubiri basi. Mimi nilichokuwa nacho ni kazi yangu. Nikavuta kiti, nikakausha uso, nikaanza kusimulia, simwangalii yeye, nauangalia mguu.

Nikasema palikuwa na mguu mmoja wa kushoto, umefariki Buffalo. Jamaa wakaunda kamati. Kikao cha kwanza kikavunjika kwa sababu mguu wa kulia, ambaye ndiye mjane, alitaka kukaa mbele, na soksi nyeusi ilikuwa moja tu. Wakatafuta mchungaji. Mchungaji akauliza, marehemu alibatizwa? Wakamwambia alibatizwa pamoja na wengine. Alikuwa anahudhuria ibada? Wakasema hajawahi kukosa, kila Jumapili alikuwa wa kwanza kuingia, maana mwenyewe alizoea kutanguliza kushoto.

"Dada," shemasi akasema, "hapa tunaomba. Hatuchekeshi mugonjwa."

"Mwache," akasema Papa Bahati, bado yuko dirishani. "Ni mutani yangu."

Nikaendelea. Suala la kiatu likaleta ugomvi. Wengine wakasema azikwe na kiatu, wengine wakasema kiatu kimoja tukimzika nacho mwenzie atavaa nini. Nikafika kwenye risala. Nikasema mwenyekiti akasimama akasoma kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, mlokole wa kweli.

"Hapana," akasema mzee.

Amegeuka. Ananiangalia kwa hasira ya mtu anayesikia ukoo wake unasemwa vibaya.

"Ile mguu haikukuwa mulokole. Mi naiyua. Ilikuwa inacheza rumba mpaka asubui. Ya kuume njo ilikuwa inasali. Sema kweli mbele ya bantu."

Nikasema sawa papa, tutarekebisha risala. Akasema na waongeze kwamba ilimpiga teke askari mmoja kule kwao Fizi, na kwa hilo haikutubu. Nikaongeza. Akasema kiatu wampe, yeye mwenyewe atavaa ndala. Shemasi, naona alikuwa na vita vyake moyoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama ni hivyo basi mchungaji asisome Zaburi, asome habari za mwana mpotevu. Tulimgeukia wote. Akashusha macho kwenye Biblia yake.

Hapo sasa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa na kichekesho kingine tayari, cha magongo, kizuri mno, kimeiva. Nikamwona mzee ameacha kutania, anasugua shuka pale juu ya goti kwa kidole gumba, polepole. Nikakimeza. Sijawahi kukitumia popote na sitakitumia. Mtu akifika mahali pake mwenyewe ndani ya hadithi yako, wewe toka, mfungie mlango, usigonge.

Halafu mzee akauliza, "Na ile mutu? Mwenyewe mwenye mguu. Kisha maziko alifanya nini?"

Sikuwa nimemtunga mtu huyo. Nilikuwa nimetunga mguu tu. Furaha akaniangalia, sijawahi kuangaliwa vile na mtu yeyote anayesubiri mwisho wa hadithi.

"Alichelewa kurudi nyumbani," nikasema, "maana alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. Watu wote walishafika, chakula kimepoa, binti yake yuko mlangoni anachungulia njia. Lakini alirudi."

Papa Bahati akaitafuna hiyo kama alivyokuwa akitafuna chakula chake ghalani, hana haraka. Akamwambia Furaha, "Ita ule kijana wa kutafsiri." Na kijana alipoingia kwenye simu, mzee akamwambia amwambie daktari kwamba anakubali, ila wakimvua soksi wamvue kwa heshima.

Walimkata kesho yake. Sisi tulikuwa nje kwenye viti, mimi, Furaha na shemasi, kila mmoja anasali kwa namna yake na hakuna aliyekuwa na neno la kuchekesha. Nyie mnaodhani ucheshi ni dawa ya kila saa, andikeni hiyo pia.

Siku alipoamka vizuri tulijipanga pembeni ya kitanda, na kila mtu aliangalia kila kitu isipokuwa ile sehemu ambayo blanketi limelala bapa. Nesi akauliza anaumwa wapi. Mkalimani akauliza. Papa Bahati akatafakari, sura kavu.

"Kidole," akasema. "Ile kidogo, ya kushoto. Marehemu iko naniwasha."

Nesi alidhani mkalimani amekosea, akaomba arudie. Shemasi akatoka nje mbio na kitambaa mdomoni. Furaha alikuwa hajacheka toka kidonda kilipoanza. Sasa mabega yalimtikisika, sikujua analia au nini, na nadhani yeye pia hakujua. Akasogea mwisho wa kitanda, akanyoosha mkono, akaanza kukuna shuka tupu, pale pale ambapo kidole kingekuwepo.

Papa Bahati akafumba macho.

"Chini kidogo," akasema.